Rundo la Mawe, Moja

Waliohusika na kuondolewa kwa kaburi lililokuwa ndani ya kiwanja cha kizuizi cha zamani, Lodwar, ni hawa: afisa aliyeagiza kiwanja kipambwe kwa ajili ya wageni, mkandarasi aliyetekeleza agizo hilo bila kumuuliza mwenyeji yeyote, na mimi niliyeandika orodha ya makabidhiano. Nayaweka haya mbele ili msomaji asidhani kwamba nawashtaki wengine huku nikijificha nyuma yao.

Utumishi wangu wote nilikuwa karani wa masjala. Kizuizi hicho kilijengwa na serikali ya kikoloni ili kuwafungia wapinzani wake mbali na watu wao. Siku hizi wanafunzi huletwa kwa mabasi waelezwe mateso ya wafungwa hao, na ni haki waelezwe. Ila wafungwa hawakujijengea kuta. Zilijengwa na wachungaji wa huku, waliokamatwa malishoni na kulazimishwa kubeba mawe na maji. Mmoja wao alianguka kazini akafa, akazikwa papo hapo. Jamaa zake walipanga mawe juu ya kaburi, na kwa miaka mingi kila aliyepita aliongeza jiwe lake na kuacha tumbaku kidogo, kama ilivyo desturi.

Kiwanja kilipokabidhiwa kwa ofisi nyingine, muda mfupi kabla sijastaafu, fomu ilikuwa na nafasi ya milango, makufuli, mabati na tangi la maji. Nafasi ya kaburi haikuwapo. Kaburi nililijua, nilikuwa nikilipita kila asubuhi. Niliandika: "Rundo la mawe, moja." Nikatia sahihi.

Sikurudi pale hadi mwaka huu, mwalimu mmoja wa Kakuma aliponiomba niwaongoze wanafunzi wake, wengi wao wakazi wa kambi ya wakimbizi ya huko. Nilikubali kwa sharti kwamba kwanza tupitie Lopur tumchukue binti wa marehemu, ambaye sasa ni bibi kizee auzaye makaa. Miguu yake ilikuwa inamwishia nguvu. Alitaka jambo moja tu: kumpelekea baba yake tumbaku angali anaweza kutembea.

Tulisalimiana kwa ejok, salamu ya huku, akaketi nyuma yangu ndani ya basi, kifurushi cha tumbaku kikiwa kimefungwa kwenye pindo la shuka lake.

"Karani," akasema, "bado unatembea na kalamu mfukoni?"

"Huenda nikaitwa kazini, mama."

"Nani ataita wewe? Hata mbuzi ya ofisi imesahau sura yako."

Wanafunzi walicheka, nami nikacheka. Hiyo ndiyo mara ya mwisho tuliyocheka siku hiyo.

Langoni tulipokewa na afisa yuleyule aliyeagiza mapambo. Kutoka langoni hadi mlangoni palikuwa na njia mpya, imepangiwa mawe pande zote mbili, yamepakwa chokaa kama ilivyo mazoea ya viwanja vya serikali. Wanafunzi walitembea katikati yake wakisikiliza habari za wafungwa. Bibi alisimama. Aliinama polepole, akaweka kiganja juu ya jiwe moja bapa lenye kishimo katikati. Chokaa ilikuwa imeganda ndani ya kishimo hicho.

"Hii jiwe mama yangu alikuwa anasagia tumbaku," akasema. "Alileta yeye mwenyewe, akaweka juu ya baba. Nani alipaka?"

"Ni urembo tu, mama," afisa akajibu. "Yalikuwa yamerundikana ovyo, tukayapanga."

"Lilikuwa kaburi," nikasema.

Afisa alikwenda ofisini akarudi na faili, akanionyesha mstari ule wa rundo la mawe. Mwandiko ulikuwa wangu.

Msichana mmoja mwanafunzi, mzaliwa wa Sudan Kusini, alikuwa ameandika kila neno la maelezo tangu tulipofika. Alilifunga daftari lake. "Sasa huyo mzee mwenyewe yuko wapi?"

Nilikwenda kwenye kona ya ukuta wa magharibi nikahesabu hatua kumi na nne, nilizozikumbuka kwa sababu ya kuzipiga miaka yote ile. Hatua ya mwisho ilinifikisha kwenye gurudumu la basi letu. Pale palikuwa pamesawazishwa na kumwagwa kokoto, pakawa maegesho ya wageni wanaokuja kukumbuka.

Dereva alilisogeza basi bila kuambiwa. Bibi alipiga magoti, akafungua pindo la shuka, akaiweka tumbaku juu ya doa la mafuta.

"Karani, ulijua baba iko hapa?"

"Nilijua, mama."

"Na ukaandika mawe."

"Niliandika mawe."

"Basi andika tena."

Naandika tena. Kitu kilichotajwa katika orodha ile kuwa rundo la mawe ni kaburi la mtu aliyekufa katika kazi ya kulazimishwa, na sahihi yangu iliyopo pale ni ushahidi dhidi yangu. Nadai ofisi husika imjibu binti wa marehemu kwa maandishi, asomewe kwa lugha yake, na imtaje aliyeidhinisha kazi ile. Nadai maegesho yafungwe, na mawe yote, kuanzia lile bapa, yaoshwe chokaa na kurudishwa mahali pake chini ya usimamizi wa binti huyo mwenyewe, angali hai. Nami niitwe nitoe ushahidi. Nitakuja na kalamu yangu.