Mzee Aliyekataa Kuhesabu Watoto

Siku yangu ya kwanza kazini, kituo cha afya cha Mikumi, Mganga Mfawidhi alinituma chumba cha giza kuosha filamu za eksirei. Nikatoka na picha nyeusi tii. "Kijana, huu ni mguu au mkaa?" akauliza. Nilidhani nimefukuzwa, kumbe ndiyo nimeanza kazi.

Nilihamishiwa Kilosa miaka ya ruksa, biashara huria ilipofunguliwa, mitumba na hospitali za binafsi zikimiminika. Hospitali moja ya Dar es Salaam ikaja na mradi: kompyuta ijifunze kutambua ugonjwa wa kusahau wa uzeeni kwa kutazama picha za ubongo. Ilionyeshwa mifano tu, huyu mzima, huyu mgonjwa, mpaka ijue yenyewe. Mimi niliwahoji wazee kwa karatasi ya maswali, nikaandika nani mzima na nani mgonjwa, kisha wakapelekwa Dar kupigwa picha. Sikuelewa hata nusu yake, lakini niliitikia.

Mzee Saning'o, mfugaji, aliletwa na mwanawe mkubwa. Siku aliijua, mwezi aliujua.

"Una watoto wangapi, baba?"

"Wapo."

"Wangapi?"

"Nimeshasema wapo!"

"Na ng'ombe?"

"Nao wapo."

Nikaandika: hakumbuki, mgonjwa. Mwanawe akaomba nakala yenye mhuri.

Majibu ya kompyuta yaliporudi, yalisema ubongo wa mzee ni mzima. Nikachanganyikiwa. Daktari Mtafiti wa mradi ule akanipigia simu kutoka Dar: "Usijali, mashine bado mwanafunzi. Tutairekebisha ifuate karatasi yako."

Nilipomsimulia muuguzi wetu, binti wa wafugaji, alishika kichwa. "Kaka, kwetu mtu hahesabu watoto wala mifugo. Ni kuwaitia kifo!"

Niliona aibu. Nikapanda baiskeli hadi kwa mzee. Nilichelewa. Kwa karatasi yangu, mwanawe alikuwa ameshamvua usemi juu ya mifugo, na nusu ya kundi ilikuwa imehesabiwa na kupelekwa mnadani. Mzee alikaa mbele ya zizi.

"Shikamoo. Nimekuja kurekebisha, baba."

"Marahaba. Andika basi kwamba sasa wamehesabika."

Nilimwandikia Daktari Mtafiti kwamba mwenye kosa ni mimi. Hakujibu. Mpaka leo sijui mashine ile ilifundishwa nini.

Nimestaafu. Majuzi, kliniki, muuguzi kijana alinifungulia karatasi ya maswali. "Shikamoo babu. Una watoto wangapi?"

Nilizaa watano, wawili nimewazika.

"Wapo," nikasema.

Akainama, akaandika.