Mstari wa Nyuma

Kabla ya opera kuanza, wapiga tarumbeta hupasha vyombo vyao moto kwa pumzi, na harufu ya shaba iliyolowa hunifikia nilipo kwenye jukwaa la kuongozea, mbele ya okestra. Ndiyo harufu ya mikono ya mama.

Kule Kolwezi alikuwa akiosha mawe ya shaba mtoni, kisha anakuja kuongoza kwaya ya parokia, kucha bado zina ukijani. Vumbi la mawe hayo lilipomkaba kifua akalazwa, waimbaji wakanisimamisha mimi, binti yake, juu ya kreti tupu ya bia, niongoze.

Jumapili aliyorudi, aliinua mikono kuanzisha wimbo. Hakuna aliyeimba. Wote walinigeukia mimi, nami bila kufikiri nikavuta pumzi, nikainua kidevu. Kwaya nzima ikaingia.

Mama akashusha mikono, akaifuta kwenye kikwembe alichojifunga kiunoni.

“Endelea, mwana yangu. Banakuangalia weye, hapana mi.”

Akaenda kuimba mstari wa nyuma, akifuata mikono yangu kama wengine.

Wapiga tarumbeta wangu hulalamika kwamba nawapa ishara ya kuingia bila kuwatazama. Wao hukaa mstari wa nyuma, kule alikokwenda kusimama mama.