Kadi Iliyoimba

Juzi nilisoma historia ya kampuni iliyotengeneza vidude vya sauti, vile vya kwenye kadi zinazoimba. Iliuzwa, ikauzwa tena, ikafa. Mimi, msomi mzima, nikasikia puani harufu ya maganda ya kahawa yanayochacha nyuma ya nyumba yetu Mbinga.

Kadi yetu baba aliituma kutoka mjini nikiwa mdogo, na baada yake hakutuma kitu kingine. Kaka Odilo, mtoto wa baba mkubwa, aliniambia baba yumo ndani. "Ukiifunga, anakosa pumzi."

Nikaiacha wazi mchana kutwa. Wimbo ukawa mzito, ukakoroma, ukanyamaza.

"Pole, mdogo wangu," alisema Odilo. "Ameshakata roho."

Habari za betri nilikuja kuzijua baadaye. Odilo na wadogo zake walitandika mkeka, wakanikalisha katikati kama mfiwa, wakaomboleza huku wakibanwa na kicheko. Mimi nililia kweli.

Mama alirudi kutoka shambani na kikapu cha kahawa kichwani. "Nani amekufa?"

"Baba," nikasema, nikingoja akanushe.

Alitua kikapu, akavua kandambili, akaketi nasi mkekani.

"Haya, lieni vizuri," alisema. "Mimi nilishamaliza."