Zimwi Lisipewe Macho ya Jirani

Nakumbuka siku ambayo Bi Losa alikosa hata mtoto mmoja wa kumletea kuni. Nitakufikisha huko, mwanangu, ila kwanza tuzungumze habari ya hadithi yako.

Nimeisoma. Nimeisoma kwenye simu ya jirani, herufi ndogo kama mayai ya chawa, na darasa langu la nne hilo hilo. Umeandika zimwi la ziwani, lile nililokusimulia mwenyewe ulipokuwa ukishuka huku likizo kutoka Mapera kule mlimani, unakataa kulala mpaka nimalize. Umeliandika vizuri, siwezi kukudanganya. Nilipofika pale linapokwaruza mlango kwa kucha, niliinuka nikabana komeo. Mtu mzima mimi! Kwa hiyo anayekwambia kuandika vitisho ni kazi ya wasio na kazi, mwache. Watoto wakiogopa pamoja, hulala wamekumbatiana.

Lakini zimwi lako umelipa sura gani? Bibi kizee, anakaa peke yake karibu na maji, macho mekundu. Mwanangu, nilichukua kioo. Miaka yote hii napikia kuni. Unadhani nilimwona nani humo?

Kipaji hicho hukukiokota njiani. Umekirithi kwa dada yangu Festa, Mungu amlaze pema. Tulikulia hapa hapa kando ya ziwa, upande wa Liuli, tukilelewa na bibi yetu, na jioni watoto wa jirani walijaa uani kwetu kusikiliza mdomo wa Festa. Akisema "Hadithi, hadithi!" tulikuwa tumeshaitika "Hadithi njoo!" kabla hajafunga kinywa.

Basi ikafika jioni moja Festa akaona lile zimwi la ziwani, tulilorithi kwa Bibi, limechakaa. Watoto walikuwa wanapiga miayo. Akalitia macho mekundu. Akalipa na nyumba inayofuka moshi mchana kutwa. Jina hakutaja, na haja haikuwepo. Nyumba ya namna hiyo ilikuwa moja tu, ya Bi Losa, mjane aliyekuwa akikausha samaki aina ya mbasa kwa moshi. Sisi watoto ndio tuliompelekea kuni, naye alitupa vichwa vya samaki tukanyonye.

Tulipiga kelele mpaka kuku wakashuka mtini. Ilikuwa tamu, nisiseme uongo. Asubuhi yake hakuna aliyepeleka kuni. Agata, mdogo wetu wa mwisho, alikutana na Bi Losa njiani akatupa ndoo akakimbia. Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Haukupita muda wakubwa nao wakaanza: mbona anakaa peke yake? Mbona macho yake mekundu vile? Wanunuzi wakawa wanalikwepa banda lake kwa mbali. Wengine wakasema heri ahame, arudi kwa ndugu zake. Ndugu gani? Hakuwa nao. Na mjane akishaanza kudhaniwa mchawi na kufukuzwa kwa ajili ya macho, unajua mwenyewe, mara nyingi haiishii kwenye kufukuzwa.

Bibi akasikia. Fimbo hakushika. Alimwita Festa tu.

"Wewe mwenye mdomo, zimwi lako linakaa wapi?"

"Ziwani, Bibi."

"Mwongo. Linakaa kwenye moshi pale. Nenda ukalisaidie kazi."

"Bibi, nilikuwa natania."

"Na mimi natania. Beba kuni."

Nilimfuata na mzigo wa pili. Tukasimama mbali tukasema "Shikamoo, Bi Losa."

"Marahaba. Leo mmeikumbuka njia?" Hakuuliza zaidi. Akamwachia Festa kigoda chake mbele ya chanja, apulize moto na kugeuza samaki. Kuni zenyewe mbichi. Festa alikohoa, akatoa machozi, akajifuta kwa mkono wa mafuta ya samaki, ikawa balaa juu ya balaa.

"Usifikiche, mjukuu wangu," Bi Losa akamwambia, anacheka. "Mimi nilifikicha mwaka wa kwanza, nikaona haisaidii."

Tulirudi jua linazama. Agata alikuwa mlangoni. Akamtazama Festa usoni, akapiga ukelele, akajificha nyuma ya Bibi. "Zimwi!" Dada yake huyo, aliyembeba mgongoni mpaka akajua kutembea! Festa akabaki amesimama, macho mekundu kama pilipili, hajui pa kuyapeleka.

Bibi akamwambia hivi, nami nilikuwa karibu: "Zimwi lipe kitu ambacho hanacho mtu yeyote. Ukilipa cha mtu, watu watamfuata mwenye nacho."

Jioni iliyofuata Bibi alikwenda mwenyewe kumshika Bi Losa mkono, akamkalisha kati yetu. Watoto walisogea pembeni. Festa akaanza. Safari hii zimwi halikuwa na macho, uso mtupu, laini kama yai. Kinywa kilikuwa unyayoni. Linatembea, linakula. Lilikopita mchangani huoni nyayo, unaona alama za meno.

Miayo ilikosa mtu. Kisha nikamwona Bi Losa anavuta miguu yake polepole, anaificha chini ya kanga.

"Bi Losa anaogopa!" Agata akasema.

"Naogopa, ndiyo! Hebu nione unyayo wako, isije ikawa ni wewe."

Agata akainua mguu. Bi Losa akauchungulia, akautekenya, mtoto akaanguka kwa kicheko mapajani mwake. Asubuhi mlango wake ulizibwa na kuni.

Wakubwa hawakugeuka upesi hivyo. Ulimi hauna mfupa, lakini ulichovunja huchelewa kuunga. Bibi alinunua samaki pale mbele za watu mpaka wengine wakarudi, na wapo ambao hawakurudi kamwe. Lakini Bi Losa hakuhama. Tulimzika sisi.

Basi nakuagiza, mwanangu, nawe uwaambie wenzako wanaoandika. Tisheni watu, watoke jasho. Chimbueni mazimwi yetu ya zamani, ni mali yenu. Ila ukimaliza kuliumba zimwi, tembea nalo kijijini kwa mawazo, mlango kwa mlango. Likifanana na mtu mmoja tu, mnyonge asiye na wa kumtetea, livunje ulifinyange upya. Hadithi hii ya sasa ibadilishe kabla haijazagaa zaidi. Macho hayo yatoe. Akili ya kupata kitu kibaya kuliko macho ya kizee unayo, najua.

Mungu akuongezee maneno, ayape meno, na meno hayo yasimng'ate asiye na kosa. Ukishuka tena huku, njoo jioni unisomee. Miguu nitaificha mwenyewe.