Projekta ya Kutazamwa

Jumamosi nilikuwa kwenye duka la vifaa vya umeme hapa Dodoma, nasubiri kuuziwa balbu. Mbele yangu alisimama bwana mmoja aliyening'iniza kitambulisho cha kazi shingoni, ingawa ofisi zilikuwa zimefungwa. Alitaka projekta ya sinema ya sebuleni.

Mama muuzaji alimwonyesha mbili: ya dijitali, ndogo, na dude la zamani la CRT, la mirija kama televisheni za kale, lenye macho matatu ya lenzi, zito kama friji.

"Hii ya dijitali, nyeusi yake ukutani hutoka kijivu," bwana akasema, akiibetulia midomo. "Picha ya kweli ni ya CRT."

"Kweli, mheshimiwa, ila mwanga wake ni hafifu. Inataka giza kabisa. Sebule yako ikoje?"

"Ina madirisha ya vioo pande mbili."

"Basi weka mapazia mazito."

"Vioo vile nivizibe?"

"Usiku je? Si utazima taa?"

Bwana akamtazama kama aliyetukanwa. "Nizime taa, wageni wataionaje projekta?"

Mama alipangusa vumbi kwenye lile dude.

Mji wetu umejaa sebule za namna hii: makochi bado yana nailoni, na glasi za kabatini hazijawahi kutiwa maji.

Bwana alichukua CRT. Wanaume wanne waliibeba hadi kwenye gari huku yeye amesimama kando, akihakikisha tunatazama. Tukatazama. Nadhani hilo ndilo onyesho pekee ambalo projekta ile itampa mtu.