Viatu Vilivyotazama Ngazi

Nilipokuwa mshauri wa kijeshi ng'ambo ya Ruvuma, sikuwa na amri juu ya mtu. Mshauri anasema, kamanda anaamua. Ila jambo moja niliwapigia kelele wale askari wa nchi jirani mpaka wakaninunia: ukivua viatu, vigeuze vitazame mlango, kamba uzichomeke ndani. Ukikurupuka, unatumbukiza miguu unakwenda.

Ushauri wangu wa mwisho ulikuwa askari sita wabaki kulinda daraja, sisi wengine tuvushe majeruhi. Kamanda akakubali. Kabla sijajua yaliyowapata, nikarudishwa nyumbani. Miaka yote hii, nikikaa kwenye sinia la watu, nawakumbuka wale sita na tonge halipiti.

Siku hizi nauza vitasa Kariakoo, na mdomo wangu bado haujastaafu. Jumamosi iliyopita jirani yangu wa dukani alikuwa anamwoza binti yake, nyumbani kwake ghorofa ya tatu. Nikapanda huku nahema, nikavua makubazi mlangoni. Viatu vilikuwa vimerundikana kama mitumba. Pembeni, jozi moja nyeusi ilikuwa imegeuzwa kutazama ngazi, kamba zimechomekwa ndani.

Nikaketi pale pale, nikagoma kuingia.

Shangazi wa bibi harusi akatokeza. "Baba, pilau iko ndani. Huku kuna harufu ya soksi tu."

Nikamwambia nalinda viatu visiibwe, Kariakoo hii. Akacheka, lakini vyake akavichukua akaingia navyo.

Nikangoja. Mwishowe akatoka mwanamume mwenye upara, akatumbukiza miguu bila hata kutazama chini.

"Nani kakufundisha kuvua viatu hivyo?"

Akanitazama usoni. "Shikamoo, Mshauri."

"Marahaba. Na wenzako wa darajani?"

"Tulivuka wote sita, alfajiri yake. Wewe ndiye tuliambiwa umekufa. Kila mwaka tunachinja mbuzi, tunakusomea hitima."

Nililia, wala sioni haya kusema. Kisha nikamuuliza nyama ya mbuzi wote hao alikula nani.

"Sisi."

"Ama kweli nyinyi hamna aibu."

Tukacheka mpaka watu wakachungulia. Akanishika mkono tuingie, kisha akaona makubazi yangu yametupwa shaghalabaghala, akainama ayageuze.

"Yaache," nikamwambia. "Leo hatukimbii. Twende tukale."