Kifungo cha Askari

Jamani, nichekeni tu. Mimi ni mjane, fundi cherehani wa Mwanga hapa Kigoma. Jumapili nyumba ilinishinda kwa ukimya, nikaenda makumbusho ya vita kutazama sanamu za askari wa zamani. Mmoja alikuwa ameketi pembeni, kwenye kigiza, amevaa kaki kama wenzake, kifungo cha shati kinaning'inia.

Sindano sitembei bila. Nikaanza kukishona huku nikimsimulia kwamba mume wangu hayupo, lakini chai bado napika ya watu wawili.

"Naye alikuwa na kifua kama hiki," nikasema, nikakipapasa.

Kilikuwa cha moto.

"Pole sana, mama," akanong'ona. Kumbe ni mlinzi wa makumbusho. "Niliogopa sindano. Lakini umeshona mpaka fulana yangu ya ndani."